Mama iko ku posti



Mtu mwenye alizaliwa mu nyumba ya mfanyakazi wa mgodi hana lazima ya kuelezwa kimya ya posti ya usiku. Baba alirudi asubuhi, macho mekundu, akaacha boti ku mlango, akakula kidogo, akalala. Toka ile saa hakuna mtoto alikuwa na ruhusa ya kupiga mpira chini ya dirisha. Mama alitutuma kucheza mbali. Radio ilizimwa. Jirani akija kuomba chumvi, aliomba kwa sauti ya chini. Mgeni akifika, tulikimbia kumwambia mbele agonge: "Baba alikuwa ku posti ya usiku, iko analala." Mgeni alielewa, akarudi na njia yake bila kukasirika. Hakuna aliyesema baba ni mvivu juu analala mchana. Hata mtoto wa miaka mitatu alijua: huyu ametumika, kazi yake njo inatulisha, tumwache.

Sisi tunaoandika hapa ni watoto wa ile kimya. Leo ni wanawake tunaofundisha mu iniversite na mu shule zingine za juu hapa Lubumbashi. Wengi wetu ni maasistanti, wengine ni mashefu de travo, wachache wanakaribia kumaliza teze. Karibu wote tuna bwana na watoto. Na karibu wote baba zetu walivaa kofia ya mgodi ao ya usine. Minervali yetu ililipwa na mshahara wa shaba, na mshahara ulipokosa, ililipwa na unga na samaki mama zetu walizouza ku soko.

Tunawashukuru. Lakini tuna neno moja la kuwaambia, na tunaomba mtusikilize mpaka mwisho. Mlitusomesha mpaka diplome. Siku ya diplome mlipiga ngoma, mlitumwagia puderi ku kichwa, mlitupikia kuku. Kisha mkafikiri masomo yamekwisha. Kumbe kazi ilikuwa njo inaanza. Na mu ile kazi, wengi wetu tuko peke yetu.

Tuwaeleze kwanza kazi yenyewe, juu mtu hawezi kuheshimu kitu asichokijua. Mtu anaona mwalimu wa iniversite anatoka saa mbili asubuhi, anarudi saa nane, anasema: "Huyu anatumika saa chache tu, mshahara wa bure." Lakini kufundisha ni nusu ya kazi. Asistanti anapewa mandati ya muda mfupi. Mu ule muda lazima asome, afanye uchunguzi, aandike, na maandiko yake yatoke mu mabuku ya wenye elimu. Asipoandika, hapandi. Akiandika vizuri anakuwa shefu de travo. Kutoka pale mpaka uprofesa kuko mlango mmoja tu, na mlango ule ni teze ya dokta. Teze ni buku zima juu ya jambo ambalo mtu mwengine hajalieleza bado. Inaomba miaka, si miezi. Mtu haandiki teze dakika kumi pale anapongoja sombe iive. Ni lazima akae saa tatu, ine, bila kuitwa, mawazo yashikane. Ukimwita mara moja, yale mawazo yanakimbia sawa kuku, na kuyakusanya tena kunaomba saa nyingine.

Sasa angalieni miaka yenyewe. Mtu anakuwa asistanti akiwa na miaka 25 ao 28. Miaka inayofuata njo ya kuandika teze. Ni miaka gani ile? Njo ile ile ya kuolewa, ya kubeba mimba, ya kunyonyesha. Asistanti mwanaume naye anaoa mu ile miaka. Lakini akioa, mu nyumba yake mnaingia mtu wa kumpikia, wa kufua shati lake, wa kuambia wageni "bwana iko anaandika". Asistanti mwanamke akiolewa, njo yeye anakuwa ule mtu. Wawili walianza siku moja, na akili sawasawa. Kisha miaka kumi mwanaume ni profesa, mwanamke bado ni asistanti, na watu wanasema: "Unaona? Wanawake hawapendi masomo ya juu."

Mmoja wetu aliandika sehemu ya pili ya teze yake saa tisa za usiku, mu jikoni. Umeme ulikuwa umekatika, alifunga telefone ku msumari ili taa yake imulike karatasi, na mbabula ilikuwa karibu juu ya baridi ya mwezi wa saba. Mama mkwe alikuwa amekuja kutembea. Aliamka kwenda inje, akamkuta. Akasema: "Mama, mutoto iko analia mu chumba, na weye iko unaandika? Mutoto ni wako ao ni wa buku?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kile alichofundishwa. Lakini dada yetu alifunga mabuku ile usiku, na hakuyafungua tena mpaka miezi mitano ilipita.

Kwa nini mama mkwe alisema vile? Hapa tunaomba turudi nyuma kidogo, juu haya mambo yana mizizi mu kambi yenyewe.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwanzo iliita wanaume peke yao, wa miezi michache, kisha warudi mu vijiji vyao. Karibu na mwisho wa miaka ya 1920 iliona kwamba mfanyakazi mwenye bibi na watoto anakaa, anajua kazi, hakimbii. Njo ikajenga kambi za jamaa. Bibi alipata nyumba kwa jina la bwana, na posho kwa jina la bwana. Watoto pia. Mu foyer social mankambo wetu walifundishwa kushona, kupika, kupasi nguo, kulea mtoto vizuri. Yale masomo hayakuwa mabaya, mpaka leo tunakula matunda yake. Lakini yalimtengenezea mwanamke nafasi moja tu: mtu wa kumtayarisha mwanaume kwa posti ya kesho. Kijana mwanaume alienda shule ya ufundi. Msichana alipewa sindano.

Iniversite ilifungua milango hapa, mji ukiitwa bado Elisabethville, mwaka 1956. Mabinti wa Kongo wenye walikuwa wamemaliza sekondari walikuwa haba sana. Ilikuwa paka mwaka 1964, miaka ine kisha uhuru, ndipo mwanamke Mkongo wa kwanza alimaliza iniversite, Sophie Kanza, ku Lovanium, Kinshasa. Miaka miwili nyuma ya pale, 1966, alikuwa waziri, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mu inchi yetu. Hesabuni: kati ya ile siku na leo ni karibu urefu wa maisha ya nkambo mmoja. Desturi ya mwanamke kusoma mpaka juu iko mtoto bado. Hatushangai kwamba mama mkwe haielewi.

Lakini kambi ilitufundisha somo lingine, na hili hatutakiwi kulisahau. Union Minière ilipopokonywa karibu na mwanzo wa 1967, na nyuma ikawa Gécamines, watu waliendelea kusema kampuni ni baba, kampuni ni mama. Kisha miaka ya 1990 ikafika. Mishahara ikakosa miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines mu ile mnaita départs volontaires, na kila jamaa inajua kama kweli waliondoka kwa kupenda. Mwenye kuandika historia Donatien Dibwe dia Mwembu, profesa wa hapa Lubumbashi, alitoa mwaka 2001 buku juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga, lenye jina la Kifransa linalosema kwamba Bana Shaba waliachwa na baba yao. Mu kambi kila mtu anajua ni baba gani anasemwa.

Mu ile taabu nani alishika nyumba? Mama. Mama alilima ku Kasapa na ku barabara ya Kipushi, mama aliuza makala, mikate, bidoni ya mafuta. Baba alikaa ku kiti, mikono mitupu, na uchungu mkubwa mu moyo, juu alifundishwa kwamba mwanaume ni mshahara. Tuliona vile kwa macho yetu. Nyumba inayosimama juu ya nguzo moja, ile nguzo ikikatika, nyumba inaanguka. Shaba nayo inachimbwa mara moja tu. Basi mtu akituambia kwamba kazi ya mwanamke ni ya kumsaidia-saidia bwana, ni pesa ya chumvi, tunamuuliza: ulikuwa wapi miaka ya 1990?

Wengine wanatuambia: "Lakini sheria inasema lazima bwana aruhusu." Jamaa, ile sheria imebadilika. Kanuni ya jamaa ya mwaka 1987 iliomba kweli ruhusa ya bwana mbele bibi aliyeolewa aweke sahihi ku kontra ya kazi. Lakini sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7, 2016 iliondoa ile ruhusa. Leo inasema bwana na bibi wasikilizane. Bwana amebaki kichwa cha nyumba mbele ya sheria, lakini hana tena kalamu ya kukataza. Na Katiba ya 2006, ku kifungo cha 14, inaomba serikali iondoe kila ubaguzi juu ya wanawake. Karatasi ziko. Ila karatasi haipiki bukari, na haimwambii mgeni asigonge.

Tena msifikiri ni shida ya Kongo peke yake. Ku Nairobi, Kenya, Wangari Maathai alikuwa mwanamke wa kwanza mu Afrika ya Mashariki na ya Kati kupata udokta, mwaka 1971. Alikuwa ameolewa, na mtoto mdogo ku mkono. Alipofundisha mu iniversite ya Nairobi alikuta kwamba mwalimu mwanamke hapati faida za kazi sawa na mwalimu mwanaume. Ile hesabu si inafanana na ya kambi yetu, ya posho kwa jina la bwana? Maathai na wenzake walikataa. Walijaribu hata kugeuza chama cha walimu kuwa sindika. Tribunali ilikatala ile sindika, lakini nyuma, mengi waliyoomba walipewa. Mwaka 2004 ule mama alipata zawadi ya Nobel ya amani.

Tunajua kuko mtu atasema: "Lakini ndoa yake ilivunjika." Ni kweli, ilivunjika mwaka 1979. Na sisi tunauliza: mu kambi yenu, mu avenue yenu, wanawake wangapi wameachwa na hawajafungua hata buku moja? Ndoa inavunjika juu ya pombe, juu ya mwanamke mwengine, juu ya pesa, juu ya jamaa ya bwana kuingia mu kila neno. Hakuna anayesema basi tukataze pombe ao tukataze jamaa. Paka masomo ya mwanamke njo yanapigwa mawe.

Kuko pia wenye wanatupigia mezali: mshika mbili moja humponyoka. Tunaiheshimu, ni mezali ya wazee. Lakini baba zetu walishika ngapi? Baba alishika kazi ya kampuni, alishika kiti mu kanisa, alishika chama cha watu wa kijiji chake, wengine walishika na kilabu cha mpira. Hakuna kilichomponyoka, juu mama alishika nyumba, watoto na bustani. Ile mezali haikuwahi kuambiwa baba. Basi shida si kushika mbili. Shida ni kushika mbili bila mtu wa pembeni kukupokea mzigo hata saa moja.

Hapa tuwaambie habari ya nyumba moja, juu tusiwe watu wa kulia tu. Dada mmoja wa kundi letu ana bwana mwenye kutumika ku mgodi mmoja mbali na mji. Anakaa kule wiki, kisha anarudi kupumuzika siku chache. Zamani akirudi, nyumba yote ilisimama: bibi aliacha kila kitu, juu bwana amechoka. Bibi alikuwa mu mwaka wa mwisho wa teze, na zile siku za bwana zilikuwa za kupoteza kila mwezi. Hakusema kitu. Alikonda tu.

Siku moja bwana aliamka usiku, akamkuta bibi amelala juu ya meza, kalamu mu mkono. Asubuhi akamuuliza: "Unamaliza saa ngapi?" Bibi akasema: "Simalizake. Naanza wakati munalala." Ule bwana alikaa kimya. Kisha akasema neno ambalo linatutia nguvu mpaka leo: "Basi weye uko ku posti ya usiku, na hatukuchungaka usingizi yako." Ile siku aliita watoto, akawaeleza sawa vile baba yake alimwelezaka zamani. Kutoka saa kumi na mbili ya magaribi mpaka saa tatu, mama anaingia mu chumba, mlango unafungwa. Mtoto mkubwa anachunga wadogo. Baba akiwa nyumbani, anawasha mbabula mwenyewe, anasonga bukari mwenyewe. Akiwa ku kazi, mdogo wake mwanaume anayekaa nao njo anapika. Mgeni akija, mtoto wa miaka sita anamsimamisha ku mlango na kumwambia: "Mama iko ku posti."

Majirani walicheka mwanzo. Jamaa ya bwana ilimwita, ikamwambia bibi alimpa dawa. Yeye akajibu: "Mi natumika na mashini. Mashini bila kupumuzisha inakufa. Bibi yangu haiko mashini." Ile teze bado haijamalizika, hatutaki kuwadanganya na mwisho mtamu. Lakini ku kurasa mia mbili na zaidi ameisha kufika, na hakonde tena.

Hatuombi, basi, wanaume wetu wageuke wanawake. Tunaomba kitu mnachokijua kuliko watu wote wa inchi hii. Nyinyi watu wa mgodi njo mnajua kupanga nyumba juu ya saa ya kazi. Mfanyakazi wa ofisi hajui. Nyinyi mnajua posti ya asubuhi, ya mchana na ya usiku. Mnajua zamu, mnajua kubadilishana, mnajua kwamba mtu hafanyi posti mbili zinazofuatana, juu njo pale ajali inatokea. Mwanamke anayefundisha mchana, anayepika magaribi na kuandika usiku anafanya posti tatu mu siku moja. Ku mgodi mngemrudisha nyumbani.

Na sisi wenyewe tuna kosa la kukiri. Mara nyingi, ili tupate saa ya kuandika, tunaita binti mdogo kutoka kijijini, mtoto wa yaya ao wa mjomba, aje kuchunga watoto. Tunasema tutamsomesha. Mwaka unapita, miwili inapita, ule binti iko bado anaosha masahani, na shule hatujamwingiza. Yaani tunapanda ku teze juu ya mgongo wa msichana mwengine. Hii haifai. Kama sisi tulitoka mu sindano ya foyer social, tusimrudishe mwengine kule. Mwenye kuchukua mtoto wa ndugu amwandikishe shule kwanza, kisha amwombe msaada. Na watoto wetu wanaume wajifunze kufagia na kupika. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono wa kijana mwanaume haukatazwi kugusa fagio.

Kosa lingine letu ni kujificha. Wengi tunamwambia bwana "niko nasahihisha mitihani" pale tunapoandika teze, juu mitihani inaonekana kazi na teze inaonekana anasa. Tukiificha, nani ataiheshimu? Dada, sema wazi: niko natafuta kuwa profesa. Si dhambi. Si majivuno. Baba alipotaka kupanda kutoka mtu wa mkono mpaka kapita, alisema mbele ya watu wote, na tuliomba Mungu pamoja naye.

Sasa tunageukia wakubwa wa shule za juu, juu si nyumba peke yake inatubana. Mu shule moja ya mji huu, hatutaji jina, mwenzetu alizaa mu mwaka wa mwisho wa mandati yake. Maandiko mawili yaliyoombwa hayakuwa tayari, na mkubwa mmoja alimwambia: "Mimba haiko sababu ya kisayansi." Labda alitaka kuchekesha. Lakini mandati ilihesabiwa sawa vile hakuna kilichotokea. Kanuni ya kazi ya mwaka 2002 inampa mfanyakazi mwanamke wiki 14 za mapumziko ya uzazi, na akirudi akinyonyesha, nusu saa mara mbili kila siku. Ile roho ya sheria tunaomba iingie mu hesabu ya mandati. Wiki za uzazi zisihesabiwe juu ya mama. Si zawadi, ni kumpa muda ule ule mwanaume alioupata.

Tunaomba tena mambo mawili madogo. Mikutano ya fakilite isianze saa kumi na moja ya magaribi, pale basi zinapokosa na mtoto anangoja titi. Na karibu na salle za masomo kuwe kreshi, hata chumba kimoja safi chenye mkeka na mama mmoja mwaminifu, ambapo walimu na wanafunzi wenye watoto wataacha mtoto na kwenda kunyonyesha saa ya mapumziko. Kampuni za migodi zenye kuahidi misaada ku jamaa za hapa zingeweza kujenga nyumba ile bila kusikia uzito. Wanajenga visima, na ni vizuri. Wajenge na hii.

Kwa nini mtu anayeshuka mu mgodi ahangaike na uprofesa wa bibi ao wa binti yake? Juu mtoto wako msichana, anapoingia salle ya iniversite, anaangalia nani anasimama mbele. Akiona wanaume peke yao miaka mitano, anaelewa bila kuambiwa kwamba ile nafasi si yake. Siku anakuta mwanamke ku tablo, binti wa kambi sawa yeye, mwenye kusema Kiswahili cha kwetu wakati wa mapumziko, kitu kinafunguka mu kichwa chake. Tulifanyiwa hivyo na wachache waliotutangulia. Hatutaki mlolongo ukatike ku sisi.

Baba, mama: mnarudi leo nyumbani. Labda mnaye binti ao mkamwana anayefundisha, ku iniversite ao ku shule nyingine. Mwulizeni kitu kimoja tu: "Posti yako ni saa ngapi?" Akitaja saa, ichungeni ile saa sawa vile mlichunga usingizi wa baba. Zimeni radio. Itieni watoto mbali na dirisha. Mgeni akifika ku mlango, mtoto atajua neno la kumwambia.